Gauni la hospitali lisipimwe kwa unene wa kitambaa

Kwa Mhariri,

Nimesoma barua iliyochapishwa majuzi katika ukurasa huu, ambayo mwandishi wake alipendekeza kwamba hospitali za Mombasa ziache kununua magauni ya kujikinga yanayotupwa baada ya kuvaliwa mara moja, na badala yake ziwape mafundi wa hapa kazi ya kushona magauni ya drili ya pamba yenye bitana ya drili iyo hiyo, kwa hoja kwamba kitambaa kinene kilichorudufiwa hakiwezi kupitisha damu. Kuhusu mafundi nakubaliana naye bila kusita, kwani mimi mwenyewe ni mmoja wao na nguo za kazi ndizo zinazonilisha. Kuhusu kitambaa, hata hivyo, pendekezo lake ni la hatari, na nisingependa mkunga wala daktari yeyote aingie kazini akiamini kwamba bitana ya pamba itamkinga.

Pamba huyanywa maji. Nyuzinyuzi zake zina asili ya kupatana nayo, na nafasi zilizo kati ya uzi na uzi, pamoja na zile zilizo ndani ya uzi wenyewe, ni mifereji myembamba ambayo kimiminika huipanda bila kusukumwa na mtu, kama mafuta ya taa yanavyoupanda utambi wa kandili. Tabaka la pili la pamba likilazwa juu ya la kwanza, mifereji ya huku hugusana na mifereji ya kule, na damu iliyolowesha la nje huvutwa hadi la ndani. Kinachoongezeka ni muda tu, nao ni mfupi. Jambo hili si geni kwa waganga: mwaka 1952 daktari wa upasuaji wa Marekani, William C. Beck, pamoja na mwenzake, walichapisha makala yaliyoonyesha kwamba magauni na shuka za pamba za chumba cha upasuaji zikishalowa hazizuii tena bakteria. Tangu hapo utafutaji wa kitambaa cha kuchukua nafasi ya pamba haukukoma.

Wapo watakaoniuliza kuhusu turubai la zamani la hema, ambalo lilikuwa la pamba na bado watu walilala ndani yake mvua ikinyesha. Swali hilo ni la haki, kwani pamba iliyofumwa kwa kubanwa sana inaweza kuzuia maji. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Taasisi ya Shirley ya Manchester, Uingereza, ilitengeneza kitambaa cha pamba kilichoitwa Ventile kwa ajili ya marubani walioangukia katika bahari ya baridi. Pamba iliyotumika ilikuwa ya nyuzinyuzi ndefu, mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, vikabanwa kwa kiasi kwamba nyuzi zilipolowa na kuvimba zilizifunga nafasi zote zilizobaki. Kitambaa cha namna hiyo huchukua uzi mwingi, hufumwa polepole, na bei yake haifanani hata kidogo na ya drili tunayoinunua madukani kwetu. Isitoshe, hema halisukumwi na mtu, ilhali gauni husukumwa: mkunga huegemea kitanda, huinama juu ya mama, humbeba mtoto aliyelowa akimbana kifuani. Yeyote aliyewahi kulala hemani anajua kwamba turubai lililolowa likiguswa kwa ndani huanza kuvuja pale pale palipoguswa.

Ili kuelewa ni kitambaa kipi kinachozuia kimiminika na kipi kinachokikaribisha, ni lazima mambo matatu yatazamwe kwa pamoja, yaani kimiminika chenyewe, asili ya kitu ambacho kitambaa kimetengenezwa nacho, na upana wa vitundu vyake. Kila kimiminika kina nguvu inayoukaza uso wake na kuufanya ujikusanye kuwa tone, nguvu ambayo wanafizikia huiita mvutano wa uso. Kwa maji safi katika joto la kawaida nguvu hiyo ni milinewton 72 kwa mita; kwa damu ni takriban 55; kwa spiriti tupu ni 22 tu. Kimiminika chenye mvutano mkubwa kikikutana na plastiki ya polipropilini hujikunyata, na ili kipenye kitundu ni sharti kisukumwe. Kadiri kitundu kilivyo chembamba, ndivyo msukumo unavyotakiwa kuwa mkubwa, na uwiano wake ni sahili: upana ukipungua kwa nusu, shinikizo linalohitajika huongezeka maradufu. Kwa hesabu hiyo, kitundu cha duara chenye upana wa maikromita 100, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita, katika polipropilini huanza kupitisha maji yanapofika kina cha sentimita saba au nane hivi juu yake, ilhali kitundu cha maikromita 10 hustahimili kina mara kumi ya hicho.

Hesabu hiyo hubadilika pale kimiminika kinapokuwa damu, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Damu ina mvutano mdogo kuliko maji, na juu ya hayo hujitandaza zaidi juu ya plastiki, kwa hiyo kinga hupungua kwa sababu mbili kwa wakati mmoja. Spiriti haihitaji msukumo wowote. Hutandaa juu ya polipropilini na kupita. Muuzaji anayemwaga bilauri ya maji juu ya gauni mbele ya kamati ya ununuzi, maji yakateleza yote hadi sakafuni na kamati ikaridhika, ameonyesha jambo dogo sana. Ameonyesha kwamba kitambaa kinazuia maji yasiyosukumwa. Kwa sababu hiyo maabara zinazopima nguo za kujikinga na damu hutumia damu ya kubuni iliyorekebishwa ili mvutano wake uwe milinewton 42 kwa mita, chini hata ya ule wa damu halisi.

Wasomaji wanakijua kitambaa kimoja cha polipropilini bila kujua jina lake. Baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, masoko yetu, Kongowea na Marikiti yakiwemo, yalijaa mifuko ya kitambaa kisichofumwa, chenye vijishimo vidogo vidogo vilivyopangwa kwa safu kama vya kuchomwa. Vijishimo hivyo ni alama za mahali nyuzinyuzi zilipobanwa kwa moto zikashikana. Ukiyamwaga maji juu yake polepole yatasimama. Ukiyabonyeza kwa kidole yatatokea upande wa pili, kwa maana kila unyuzi wake una unene wa maikromita 15 hadi 35 na nafasi kati yao ni pana. Mwaka 2020, barakoa na magauni yalipoadimika, mafundi wengi wa mitaani walikishona kitambaa hicho hicho. Siwalaumu, maana hakikuwepo kingine, na mtu aliyevaa gauni hilo alikuwa na nafuu kuliko aliyevaa shati. Ila nashangaa kwamba hadi leo yapo magauni yanayouzwa kama ya chumba cha upasuaji, ambayo ukiyapasua na kuyatazama kwenye mwanga utaona tabaka moja tu la kitambaa cha mifuko, hata kama ni zito.

Gauni lililobuniwa vizuri kwa plastiki hiyo hiyo huwa na angalau matabaka matatu yaliyoshikanishwa kiwandani. La nje ni la nyuzinyuzi nene kama zile za mfuko, na kazi yake ni kustahimili msuguano na kuvutwa. La ndani ni kama hilo. Katikati yake huwekwa utando wa nyuzinyuzi nyembamba mno, za maikromita moja hadi tano, ambazo hupatikana kwa kuiyeyusha plastiki na kuipuliza kwa hewa moto yenye kasi kubwa hadi inyumbuke kuwa kama utandabui. Njia hiyo ilianza kufanyiwa kazi katika maabara ya jeshi la majini la Marekani miaka ya 1950. Tabaka hilo la katikati ni dhaifu, na likishonwa peke yake litachanika kwapani siku ya kwanza, lakini ndilo lenye vitundu vidogo na ndilo linalozuia. Yale mawili ya nje yapo kwa ajili ya kulibeba na kulilinda. Viwandani mpangilio huo huandikwa kwa herufi SMS, S ikiwa tabaka la nyuzinyuzi nene na M la zile nyembamba, ambazo hazihusiani na ujumbe wa simu, na ukiona herufi M mbili kati ya S mbili ujue tabaka la kuzuia limewekwa mara mbili.

Kurudufu tabaka la kuzuia kuna faida, na faida hiyo haipatikani kwa kurudufu pamba. Hakuna kitambaa kisicho na kasoro. Katika kila mita moja kuna mahali ambapo nyuzinyuzi zimeachana zaidi kuliko kwingine, na kimiminika hakisumbuki kutafuta wastani wa vitundu. Hupita kwenye kile kilicho kipana kuliko vyote. Matabaka mawili yasiyopatana na maji yakilazwa pamoja, ni nadra kasoro ya moja kuangukia juu ya kasoro ya jingine, na kimiminika kilichopenya la kwanza hukutana na ukuta mzima wa la pili. Katika pamba hakuna ukuta wa kwanza wala wa pili.

Mpangilio nao una sheria zake. Tabaka lenye mifereji myembamba inayopatana na maji huvuta kimiminika kutoka katika tabaka lenye mifereji mipana linaloligusa. Watengenezaji wa fulana za michezo hulitumia jambo hilo kwa makusudi ili kulitoa jasho mwilini na kulipeleka nje. Fundi asiyelijua anaweza kuliharibu gauni zuri kwa nia njema, akilitia bitana laini ya pamba nyembamba ili mvaaji asiwashwe, na bitana hiyo ikagusana moja kwa moja na tabaka dhaifu la kuzuia. Unyevu kidogo ukipenya, pamba huuvuta, huusambaza, na kuupeleka kwenye ngozi. Ikiwa ni lazima bitana ya kufyonza jasho iwepo, tabaka la kuzuia lililo mbele yake halina budi kuwa madhubuti kweli kweli, na ni bora bitana ishikizwe kwenye mabega na pindo tu ili kati yake na tabaka la kuzuia ibaki nafasi ya hewa. Nafasi hiyo, hata ikiwa ya milimita moja, hukata mfereji.

Ipo njia nyingine, nayo ndiyo kongwe, ya kuweka katikati ya vitambaa viwili utando usio na kitundu kabisa. Charles Macintosh wa Glasgow aliisajili mwaka 1823: nguo mbili, na kati yake mpira wa asili uliolainishwa kwa nafta. Mpira ule mwekundu unaotandikwa kwenye vitanda vya wodi za uzazi, ambao wauguzi wetu bado huuita makintoshi, ni wa ukoo huo. Njia hii huzuia kila kitu, jasho likiwemo, na ndiyo maana baadaye zilibuniwa tando zenye vitundu vidogo kiasi cha kulizuia tone la maji lakini kuuruhusu mvuke upite, kama ile ambayo Bob Gore aliigundua mwaka 1969 alipoivuta kwa ghafla plastiki ya aina ya teflon badala ya kuivuta polepole.

Tando hizo zinazopumua huuzwa hapa kwa maneno mengi, na mnunuzi wa Mombasa anapaswa kuyapokea kwa tahadhari. Mvuke wa jasho hautoki kwa sababu kitambaa ni kizuri tu. Hutoka kwa sababu hewa ya nje ina mvuke mdogo kuliko ile iliyo kati ya ngozi na nguo. Ngozi yenye jasho katika joto la nyuzi 35 huwa na shinikizo la mvuke la karibu kilopaskali 5.6. Katika nchi ya baridi yenye hewa ya nyuzi 10 na unyevu wa asilimia 80, hewa ya nje ina takriban kilopaskali moja, na tofauti ya zaidi ya 4.6 ndiyo inayousukuma mvuke nje. Hapa kwetu, katika hewa ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, hewa tayari ina zaidi ya kilopaskali tatu, na tofauti inayobaki ni kama 2.4. Utando ule ule, uliosifiwa Ulaya, hufanya hapa karibu nusu tu ya kazi yake, isipokuwa katika vyumba vyenye kiyoyozi, na wodi nyingi za uzazi hazina. Wakati wa mlipuko wa Ebola Afrika Magharibi mwaka 2014, wahudumu waliovaa suti kamili walilazimika kutoka nje baada ya takriban saa moja kwa sababu ya joto. Mtu aliyechoka kwa joto hukosea anapovua gauni, na kuvua ndiko kwenye hatari kubwa.

Kwa maoni yangu, jibu la joto letu linapatikana katika namna ya kulikata gauni zaidi kuliko katika utando wa bei ghali. Damu hailirukii gauni lote kwa usawa. Sehemu zinazolowa ni kifua, tumbo hadi magotini, na mikono kuanzia juu kidogo ya kiwiko hadi kwenye kiganja, na hata viwango vya kimataifa huzitenga sehemu za mbele na mikono kuwa maeneo nyeti ambayo lazima yafikie daraja lililotajwa. Mgongo wa gauni la mkunga unaweza kuwa wa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, alimradi mvaaji afundishwe kwamba nyuma yake hakuna kinga. Kwa wanaoosha maiti misikitini na katika vyumba vya kuhifadhia maiti, ambao huinama juu ya maji kwa muda mrefu na ambao sijaona tenda yoyote ikiwataja, aproni ndefu yenye utando mzima mbele na mikono ya kuvaa kando ingewafaa kuliko gauni lolote.

Sasa nije kwenye mishono, ambako ndiko kazi yetu mafundi hupimwa na ndiko magauni mengi ya kwetu na ya kigeni hushindwa. Kiwanda kinaweza kuhangaika hadi kikapata vitundu vya maikromita 10, kisha fundi akachukua sindano namba 14, ambayo unene wake ni milimita 0.9, yaani maikromita 900, akaipitisha katikati ya kazi hiyo yote. Mshono wa nusu mita wenye hatua ya milimita 2.5 una matundu 200. Uzi huziba sehemu ya kila tundu, lakini ukiwa ni uzi wa pamba unakuwa utambi wenyewe. Hata Macintosh alisumbuliwa na jambo hili, kwani washonaji wa makoti ya mvua walikuwa wakikitoboa kitambaa chake kila waliposhona, na makoti yakavuja mishononi huku kitambaa kikiwa hakina kosa.

Hatua ya kwanza ni kuuondoa mshono mahali panapolowa. Kifua kikatwe kipande kimoja kutoka bega hadi pindo, na mishono ya ubavu isogezwe nyuma. Mshono wa mkono, ambao kwa mazoea hupita chini ya mkono hadi kwenye kiganja, unaweza kugeuzwa uelekee upande wa nyuma wa kiwiko. Pale ambapo mshono hauepukiki, utumike uzi wa polista, sindano nyembamba kadiri kitambaa kinavyoruhusu, na hatua isiyobana sana, maana hatua fupi mno hukigeuza kitambaa kisichofumwa kuwa kama stempu ya posta inayochanika kwenye mstari. Kisha mshono ufunikwe kwa utepe wa plastiki unaoshikishwa kwa joto, upande wa ndani. Mashine ya kubandika utepe huo ipo na si kubwa kuliko cherehani ya kiwandani. Na ipo nyingine inayoviunganisha vipande vya plastiki kwa mtetemo usiosikika, bila sindano wala uzi. Pasi ya kawaida haifai, kwa sababu polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi na mkono wa binadamu hauwezi kuishika pasi kwa usahihi huo. Kuhusu kifundo cha mkono chenye mpira laini wa kufuma, wasomaji wajue kwamba hicho hakizuii chochote. Kazi yake ni kulikaza gauni, na glavu ni lazima ikifunike chote.

Mwandishi wa barua ile alikuwa na sababu nzuri ya kutaka magauni ya kufuliwa, kwani taka za hospitali zinazochomwa ni nyingi na fedha zinazotupwa nazo si haba. Gauni la kufuliwa linaweza kubuniwa kwa polista yenye nyuzi nyembamba sana zilizofumwa kwa kubanwa, na utando katikati kwenye maeneo nyeti. Gauni la namna hiyo hufuliwa na kurudishwa mara nyingi, na kwenye lebo yake huwekwa jedwali dogo la kutia alama kila linapotoka kufuliwa, ili litolewe kazini kabla kinga haijaisha. Sharti lake ni nidhamu ya dobi. Sabuni isiyosuuzwa vizuri hubaki kwenye nyuzi na kuushusha mvutano wa kila kimiminika kitakachoigusa, na dawa ya kulainisha nguo hufanya vibaya zaidi, kwa hiyo gauni linaweza kurudi likiwa safi, linanukia, na likavuja. Jua letu pia ni adui wa plastiki zinazoanikwa nje mchana kutwa. Hospitali isiyoweza kulihesabu gauni lake na kulisuuza ipasavyo isinunue ya kufuliwa, nasema hivyo ingawa ndiyo ningependa kuyashona.

Niongeze neno kuhusu dawa zinazopakwa tabaka la nje ili hata mafuta na spiriti zisishike. Zilizofanya kazi vizuri kuliko zote zilikuwa na florini, na baadhi yake zimegundulika kuwa hazioozi na hujikusanya mwilini. Moja kati ya hizo, PFOA, iliingizwa mwaka 2019 katika orodha ya kemikali za kukomeshwa chini ya Mkataba wa Stockholm, ambao Kenya ni mwanachama wake. Dawa za nta na silikoni huzuia maji lakini hazizuii mafuta. Mnunuzi aamue anahitaji nini, na asiilipie florini kwa gauni la mtu anayehudumia wagonjwa wa nje.

Yote haya yanaishia kwenye karatasi ya tenda. Matangazo ninayoyaona hutaka gauni “lisilopitisha maji, gramu 60”, na hayaendi mbele zaidi. Gramu kwa mita ya mraba ni uzito; hazisemi kama ndani ya uzito huo kuna tabaka la kuzuia au ni kitambaa cha mfuko kilichoongezwa unene, na gramu 45 zenye matabaka matatu huishinda kwa mbali gramu 60 zenye tabaka moja. Vipimo vya kutajwa vipo na havina siri. Katika kiwango cha Marekani kinachoitwa AAMI PB70 yapo madaraja manne: la pili hutaka kitambaa kistahimili shinikizo la maji la kina cha sentimita 20, la tatu sentimita 50, na la nne hutaka kisipitishe hata kirusi, kwa kipimo ambacho hutumia kirusi kisicho na madhara kwa binadamu chenye upana wa nanomita 27 (nanomita ni sehemu moja ya elfu ya maikromita), kidogo kuliko kile cha homa ya ini aina ya B ambacho kina 42, na shinikizo la kilopaskali 13.8, sawa na maji ya kina cha mita 1.4. Ulaya nayo ina kiwango chake cha EN 13795. Mkunga katika uzazi wenye damu nyingi anastahili daraja la tatu au la nne. Anayepima presha na joto la mwili anatosheka na la chini, na fedha zitakazookolewa kwa huyu zimnunulie yule.

Kipimo cha shinikizo la maji hakihitaji kungoja maabara ili mnunuzi apate mwanga wa kwanza. Katika karakana yangu lipo bomba la plastiki la maji lenye urefu wa zaidi ya nusu mita, lililosimamishwa wima kwenye fremu ya mbao; kipande cha kitambaa hufungwa kwenye mdomo wake wa chini kwa utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, kikawekewa karatasi nyeupe chini yake, kisha bomba likajazwa maji yenye rangi hadi alama ya 20 au ya 50. Kitambaa cha mifuko hushindwa kabla ya alama ya 20. Drili iliyorudufiwa haifiki popote, huanza kudondosha nikiwa bado ninamimina. Baada ya hapo nakata kipande chenye mshono na kurudia, na hapo magauni kadhaa ya bei kubwa yamewaaibisha walioyaleta. Bomba hilo halisemi lolote kuhusu virusi, wala halichukui nafasi ya kipimo rasmi. Linatenga tu mahindi na mawe kabla ya gharama za maabara kuanza.

Uwezo wa kuifanya kazi hii upo. Mwaka 2020 Rivatex ya Eldoret na kituo cha nguo cha Kaunti ya Kitui viligeuzia mashine zao barakoa kwa muda mfupi. Chuo Kikuu cha Moi kinafundisha uhandisi wa nguo. Mombasa ina viwanda vya nguo vya EPZ, yaani vya ukanda wa bidhaa za kuuzwa nje, vyenye maelfu ya washonaji waliozoea kazi ya kupimwa, ina Chuo Kikuu cha Kiufundi chenye wahandisi, na shirika la viwango la Kenya, KEBS, lina ofisi yake hapa. Kitambaa chenye matabaka kitaendelea kuagizwa kutoka nje kwa sasa, lakini kukikata, kukiunganisha, kuibandika mishono yake na kuipima ni kazi inayoweza kubaki kisiwani na pande zake.

Ninachoomba kwa wanaoandika tenda za kaunti ni masharti matatu katika tangazo lijalo: kwamba daraja la kinga litajwe kwa kila aina ya gauni na kwa kila kazi, kwamba kipimo kifanywe kwenye kipande chenye mshono pamoja na kile kisicho nao, na kwamba sampuli iliyopimwa ibaki kwa mnunuzi, ikiwa imetiwa muhuri, ili shehena ikifika bandarini au mlangoni ilinganishwe nayo kabla ya mtu yeyote kulipwa.

Fundi wa nguo za kazi,
Kongowea, Mombasa.